Nilivyolea vifaranga wa mama mkwe kwenye kipupwe cha Mtwara, na kilichonikuta

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye mabanda na wanaotamani kuwa nayo.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Naisema mapema ili mjue mnasoma ya nani.

Nimebeba magunia ya korosho nikiwa bado sina ndevu. Nimelala juu ya lori kutoka Masasi, mvua yote yangu. Nimeuziwa kiwanja chenye makaburi. Nimefungua droo ya pesa nikakuta nyoka. Sikushtuka.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo nina nyumba mtaa wa Ufukoni yenye geti la chuma, nina kibanda cha kubangulia korosho chenye akina mama wanane, na bajaji mbili ziko barabarani zinanitafutia. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nimejishika mwenyewe.

Basi mtu huyo huyo, kifaranga asiyefika uzito wa boksi la kiberiti kamkalisha chini.

Nawaeleza kama ilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi. Mwenye haraka apite, mwenye kuku avute kiti.

Kabla sijaendelea, najua wakuu wa Njombe na Makete mtacheka mkisikia baridi ya Mtwara. Chekeni. Sisi kipupwe chetu ni upepo wa kusi unaotoka baharini na manyunyu ya asubuhi, mtu anavaa sweta mpaka saa nne. Kwenu hiyo ni joto. Lakini kifaranga hajawahi kufika Njombe, hajui kama ana bahati. Yeye akilowa na upepo ukimpiga, anakufa tu.

Tuendelee.

Mama mkwe wangu anaishi kijiji cha karibu na Kilambo, kule mnakovukia Ruvuma kwenda Msumbiji. Analima mihogo na mpunga kidogo, ila kazi yake hasa ni kuku.

Na siyo kuku wa kuokota. Ni wale kuku wetu wa kusini, warefu, miguu ya njano minene, jogoo akisimama pembeni ya meza anakula ugali wako bila kuruka. Watu wanatoka Newala na Nanyamba kwenda kwake kutafuta mbegu. Mke wangu Somoe amesomeshwa na kuku hao, kuanzia sare mpaka madaftari. Nyumba ya mama ya bati ni kuku hao. Akiumwa, anauza jogoo mmoja, anakwenda hospitali na kurudi na chenji.

Sasa mwanzoni mwa kipupwe hiki kideri kikapita kijijini kwao. Kwa wageni wa mambo haya, kideri ndiyo mdondo. Asubuhi kuku kasinzia, jioni unachimba shimo.

Banda zima likaisha. Majogoo, mitetea, vifaranga, wote.

Kilichobaki ni mayai ishirini na sita, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia kwake, ambayo alikuwa ameyahifadhi ndani kwenye beseni la pumba. Basi. Yale mayai yakiharibika, mbegu ile imekwisha duniani, na mama wa watu anabaki na mihogo.

Akayafunga kwenye tenga, akapanda bodaboda, akalipakata tenga lile kama mtoto mpaka kwangu Ufukoni.

Hapa lazima niwaeleze jambo msiotoka huku. Kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na maneno yanapitia kwa mke. Mnaweza mkatenganishwa na kichaka cha mchaichai tu, lakini yeye atasema, "Somoe, mwambie mwenzio," na wewe utasema, "Somoe, mwambie mama." Siyo ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Mimi baba yangu ni mtu wa Mikindani, kwetu haikazwi hivyo, lakini ukioa unafuata.

Basi mama kakaa kwenye mkeka uwanja wa nyuma, mimi nimesimama kwenye kona ya ukuta, Somoe katikati anachagua mchele.

"Somoe, mwambie mwenzio natafuta mtetea anayetaka kuatamia. Wangu wamekufa wote."

Nikasema, "Somoe, mwambie mama asihangaike na mitetea. Mimi naleta mashine."

Mama akaligeukia tenga lake.

"Muulize, hiyo mashine ina mabawa?"

"Mwambie ina umeme."

"Mwambie umeme hauna huruma."

Somoe akainama kwenye ungo wake, nikaona mabega yanacheza. Anacheka. Mwanaume anajibu kwa kazi.

Wiki hiyo hiyo nikanunua mashine kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Sanduku la mbao, taa nne, feni ndogo na kipima joto. Mayai yakaingia. Mama akarudi kwake, akamwachia Somoe maagizo mengi, mimi hata sikuyasikiliza.

Wakuu, kwenye kutotolesha sikuwa na mpinzani. Nasema ukweli. Mayai nayageuza asubuhi, mchana, jioni kama chapati. Bakuli la maji ndani halikauki. Umeme ukikatika, nina chupa za maji ya moto zimefungwa kwenye khanga, nazipanga pembeni ya mayai, nafunika blanketi juu ya sanduku zima. Hiyo hakuna aliyenifundisha, nimeitoa kichwani mwangu.

Wiki tatu zikafika, sanduku likaanza kulia chiu chiu. Wakatoka ishirini.

Ishirini kwa mayai ishirini na sita yaliyosafiri kwa bodaboda kutoka Kilambo! Wenye mashine mnajua hiyo siyo mchezo. Nilipita mtaa mzima nikitangaza. Somoe akampigia mama simu, vigelegele vikasikika mpaka kwa jirani. Mama akasema tayari ameshamwahidi mdogo wake jozi moja, na kwamba atakuja kuwaona wakichangamka. Nikamwambia Somoe, "Mwambie mama ile mashine isiyo na mabawa inamsalimia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Kwa sababu kutotolesha na kulea ni kazi mbili, wakuu. Mimi nilidhani ya pili ni mkia wa ya kwanza.

Siku za mwanzo niliwaweka stoo, kwenye boksi kubwa lenye taa. Wakawa wazima, wanakula, wanakimbizana. Lakini stoo yangu imepakana na jiko, na Somoe harufu ya kinyesi cha kuku kwenye nazi yake haitaki. "Baba Siwema, ama wao ama mimi." Nikawahamishia banda la nje.

Banda zuri, la matofali nusu na waya juu. Shida ni kusi. Upepo unaingia upande mmoja unatokea wa pili, na manyunyu ndani. Na umeme wiki ile ulikuwa unakwenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Taa haikutosha.

Nikafanya wanavyofanya wengi: bruda ya moto, yaani kizimba cha kuwapasha joto. Jiko katikati, juu yake chungu kilichopinduliwa kishike joto, vifaranga wanazunguka pembeni na kizuizi cha maboksi. Halafu nikachukua turubai la kuanikia korosho nikafunika pande zote nne, juu mpaka chini. Hata sindano ya upepo haipiti. Nikasimama nikalitazama, nikajipongeza.

Sasa moto wa nini?

Kila mtu anatumia mkaa. Lakini mimi nyuma ya kibanda changu nina mlima wa maganda ya korosho. Kwa asiyejua, korosho tunaichemsha kwa mvuke, akina mama wanapasua, kiini kinakwenda kuuzwa, ganda linabaki. Na ganda la korosho linawaka, wakuu, linawaka kama limepakwa petroli. Nikasema mimi mtu wa korosho nikanunue mkaa kwa nani? Kwa nini? Nikajaza jiko.

Joto likaja la kutosha. Moshi ulikuwepo, lakini mimi moshi huo nimekulia ndani yake, kwangu ni kama hewa.

Jirani yangu Bakari, fundi pikipiki, akachungulia juu ya ukuta.

"Bosi, unafuga kuku au unakausha samaki ng'onda?"

"Bakari, kaza nati zako."

"Mimi nakaza. Ila na sisi macho yanatutoka huku."

"Hamia Shangani basi."

Akacheka, akarudi kwenye pikipiki zake. Nami nikasema moyoni, kijicho hicho. Mtu akiona vifaranga ishirini anakosa usingizi.

Kesho yake nikakuta wawili wamekufa.

Nikasema sawa, vifaranga hufa. Lakini waliobaki wamejikunja pamoja karibu na jiko, macho wamefumba, wengine wanapiga chafya. Kifaranga akijikunja na wenzake maana yake anasikia baridi, hiyo kila mtu anaijua. Nikaongeza maganda.

Wakafa watatu.

Nikaongeza maganda na nikabana turubai vizuri chini kwa matofali.

Nilivyoona macho yanavimba nikapata hofu ya kweli. Nikajua kideri kimefuata mayai kutoka Kilambo. Nikapiga pikipiki mpaka duka la dawa za mifugo. Yupo dada mmoja pale, mdogo lakini mjuzi, anauliza maswali kama polisi. Wanakula nini, maji unabadilisha lini, banda lina upepo kiasi gani. Nikamjibu yote. Kisha akauliza:

"Na joto unawapa kwa kitu gani, baba?"

Wakuu, sikilizeni hapa, kwa sababu uzi wote uko hapa.

Huku kwetu, anayechoma maganda ya korosho nyumbani ni yule asiye na hela ya mkaa. Mimi utoto wangu wote tumepikia maganda. Mama yangu alikuwa akienda kuyaomba kwenye viwanda. Sasa duka limejaa watu, wawili watatu wananijua, na nje bajaji yangu mojawapo imepaki inasubiri abiria, ina jina langu nyuma. Niseme nachoma maganda?

Nikasema, "Mkaa, dada. Mkaa wa miti safi. Mimi siyo mtu wa kubabaisha."

Akatikisa kichwa. "Basi kama ni mkaa uliowaka vizuri, hiyo ni baridi imewaingia kifuani. Ongeza joto, wape hii kwenye maji."

Alisema ongeza joto. Kwa alivyoambiwa, hakukosea hata kidogo. Nikanunua dawa, na vitamini, na nyingine ya macho, na unga wa kuongeza nguvu. Nikarudi nyumbani nikaongeza joto.

Mnaelewa nilichokuwa nafanya? Kila nilivyozidi kuwahurumia ndivyo nilivyozidi kuwaua. Mtu akinionyesha adui yangu anafanya hivyo kwa kuku wangu ningempeleka serikali ya mtaa.

Vifo vikafika kumi na nne.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Somoe alikuwa akiwatoa waliokufa kama kila asubuhi, anawashika mmoja mmoja anawaweka kwenye ndoo. Kuku wa mama yake wale. Kuna wakati mke akinyamaza unatamani atukane.

Akanawa, akaingia jikoni kukanda unga. Baadaye kidogo akaniita.

"Baba Siwema, hebu njoo uone vidole vyangu. Vinawasha, vinachubuka."

Nikaenda. Akanyoosha mkono.

Ncha za vidole zimekuwa za kahawia, ngozi imeanza kukunjamana na kutoka.

Wakuu, mimi vidole vile navijua kuliko uso wangu. Nimekuwa navyo miaka. Kabla sijawa bosi nilikuwa mbanguaji, na mbanguaji asiyepaka majivu au mafuta mikononi, utomvu wa ganda la korosho unamla ngozi mpaka anashindwa kushika kijiko. Wale akina mama wangu wanane, kila asubuhi nawakagua mikono mimi mwenyewe, asiyepaka simruhusu kukaa. Hilo ndilo ninalosifiwa nalo.

Nikauliza, "Umeshika ganda?"

"Nimeshika vifaranga tu."

Nikakimbilia kwenye ndoo. Nikamchukua mmoja, nikamsugua manyoya kwa kidole gumba. Yananata. Masizi ya kahawia yenye mafuta. Nikanusa. Utomvu mtupu.

Ule moshi ulikuwa unabeba utomvu, unapanda, turubai linauzuia, unawashukia. Machoni, puani, kifuani. Hawakujikunja kwa baridi. Walikuwa wanaumwa.

Nikakaa chini pale pale kwenye tope. Darasa la nne halina uhusiano hapa. Kitu nisichokijua ningesema sikukijua. Hiki nilikuwa nakijua.

Somoe akasimama mlangoni. "Ulimwambia nini yule dada wa dawa?"

"Nilimwambia mkaa."

Akanitazama, akarudi kwenye unga wake.

Nikafanya haraka. Turubai nikalitoa, nikaacha upande wa kusi tu ndiyo umezibwa, juu wazi hewa ipite. Vifaranga sita waliobaki nikawafuta manyoya kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mmoja mmoja, nikawakausha kwa khanga karibu na jiko la ndani. Na moto nikabadilisha.

Hapa mchukue elimu bure. Maganda ya korosho siyo mabaya, ubaya ni kuyachoma mabichi ndani. Unayachoma nje kwenye nusu pipa mpaka moshi wote uishe na yawe makaa mekundu matupu, hapo utomvu umekwisha. Halafu unachota makaa hayo unaweka kwenye jiko lako. Hayatoi moshi, yanakaa muda mrefu. Mtu wa korosho wa kweli anajua hivyo. Nami nilijua. Ni haraka tu iliyoniponza.

Sita wale wakaanza kufungua macho. Wakanywa maji.

Nikashukuru Mungu, na ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima mwenye akili. Lakini simu ikalia. Mama anakuja Jumamosi kuona vifaranga wake ishirini.

Somoe akasema tumwambie ukweli kwenye simu. Nikasema hapana, niachie mimi.

"Unataka kufanya nini?"

"Mwanamke, niachie."

Nikawasha pikipiki mpaka Nanyamba. Kuna mzee ana kuku warefu warefu wanaofanana na wa mama, na alikuwa na vifaranga wa umri ule ule. Nikachukua kumi na nne. Sita na kumi na nne ni ishirini, hesabu hiyo hata darasa la nne inatosha.

Nikarudi, nikawachanganya bandani, nikasimama nyuma. Ukitazama harakaharaka, hutambui. Nikamwita Somoe aone.

Akatazama. "Mimi simo. Mama akiniuliza, nasema."

"Hatauliza."

Jumamosi mama akaja. Nikamsalimia shikamoo nikiwa nimeinama upande wa ukuta, akaitikia marahaba akiangalia barabarani, kama kawaida. Akanywa maji, akaenda moja kwa moja bandani, akachuchumaa.

Akakaa pale muda mrefu. Mimi nyuma ya mchaichai.

"Somoe."

"Abee mama."

"Muulize mwenzio, kwenye banda lake kuna harusi?"

Somoe hakuuliza chochote. Sote tulisikia.

"Kwa maana naona upande wa bwana wamekaa huku," mama akaendelea, "na upande wa bibi wamekaa kule. Hawajajuana bado."

Wakuu, nikachungulia. Vifaranga wenyewe walikuwa wamejigawa. Sita wa moshi wamejikusanya kona hii, wachafu wachafu hata baada ya kuoshwa. Kumi na nne wa Nanyamba kona ile, safi kama pamba, wanatazama kama watu waliokosea nyumba. Kuku waliokua pamoja hukaa pamoja. Hiyo nayo nilikuwa naijua.

Mama akanyoosha kidole. "Hawa sita ni wangu. Hawa kumi na nne ni wageni wa baba Siwema. Mwambie awape chai."

Somoe akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akamweleza mama yote. Maganda, turubai, duka la dawa, mkaa wa miti safi. Hakuacha hata moja. Mimi nimesimama kwenye mchaichai wangu kama mwizi wa mahindi, siruhusiwi kuingilia maana maneno siyo yangu.

Alipomaliza, mama akamchukua kifaranga mmoja akampulizia machoni taratibu.

Nilikuwa nasubiri matusi. Akasema:

"Nilipovuka mto kuja huku wakati wa vita nilikuwa na mtoto mgongoni na mitetea miwili kapuni. Jogoo nikaazima kwa watu. Sita ni wengi."

Kisha akaongeza, "Lakini mwambie mwenzio kwake siwaachi. Na kwangu siwapeleki, kideri bado kinazunguka. Nitakaa nao hapa mpaka wamalize manyoya na baridi iishe."

Hapa. Kwangu.

Vijana hamjaelewa uzito wa sentensi hiyo. Acha niwaeleze.

Mama alihamishia vifaranga chumba cha wageni, ndani ya beseni lenye pumba, na jiko la makaa yangu yasiyo na moshi pembeni, dirisha wazi kidogo. Mchana anawatoa barazani wapate jua, na yeye anakaa nao hapo. Barazani kwangu. Mbele ya mlango wangu.

Sasa mimi mkwe siwezi kumpita mama mkwe mlangoni kila saa. Nikawa naingia nyumbani kwangu mwenyewe kwa mlango wa uani kama muuza samaki. Geti langu la chuma nikawa nalitazama kwa nje.

Kula ndiyo kabisa. Siwezi kula mbele yake, na jikoni yumo, na sebuleni yumo. Nikawa nakunywa chai mgahawani, chakula cha mchana mgahawani, jioni mgahawani. Mama ntilie akanizoea mpaka akaniuliza kama nimeachwa. Bakari akapita na wateja wake akasema kwa sauti, "Huyu bosi vifaranga wamemfukuza kwake."

Maneno aliyokuwa anayarusha mama kupitia kwa Somoe yangejaza uzi mwingine. "Mwambie mwenzio leo jua zuri, anaweza kuanika turubai." "Muulize mwenzio mkaa wa miti safi unauzwa wapi, nataka kuununua."

Lakini nawaambia ukweli, makaa alikuwa anatumia yangu. Kila asubuhi nayachoma nje kwenye nusu pipa mpaka yanakuwa mekundu, Somoe anampelekea. Hakuwahi kuyasifia. Wala hakuwahi kuyarudisha.

Wale kumi na nne wa Nanyamba nilibaki nao mimi bandani. Wapo mpaka leo, wanakula, wazima, hawana habari.

Kipupwe kilipokatika, wale sita wote walikuwa hai. Wote. Majogoo wawili, mitetea minne, miguu ya njano, shingo ndefu. Jicho moja la jogoo mmoja limebaki na ukungu, ila anawika.

Nikanunua doti mbili za khanga nikampa Somoe ampe mama, ndiyo radhi ya mkwe hiyo, na mama akazipokea. Akawaingiza sita wake kwenye tenga, bodaboda ikaja. Alivyokuwa anapanda akasema, "Somoe, mwambie mwenzio mwakani mayai nitampa mtetea."

Mimi nikasema, "Somoe, mwambie mama safari njema." Nini kingine niseme?

Sasa fundisho, wakuu.

Baridi haiui vifaranga kama watu wanavyodhani. Kinachoua ni upepo, unyevu na hewa mbaya. Ziba upande wa upepo, acha juu wazi. Moto usiwe na moshi. Kifaranga akijikunja usikimbilie kusema baridi, mwangalie macho, msikilize kifua, mguse manyoya.

Na daktari akikuuliza, mwambie ukweli, hata kama duka limejaa watu. Yule dada nilirudi kwake nikamweleza. Hakunicheka. Alisema tu, "Baba, mimi natibu ninachoambiwa." Sentensi hiyo bado inanikereketa kooni kuliko moshi.

Bado nasimamia kwamba kwenye kutotolesha hapa Mtwara hakuna wa kunifundisha. Anayebisha aje na mayai yake.

Karibuni mchangie. Wa baridi ya kweli mtuambie mnawapasha joto kwa kitu gani huko kwenu, na wa korosho wenzangu kama kuna aliyefanya kosa langu ajitokeze nisiwe peke yangu. Mtakaotaka kujua mashine nilinunua kwa nani, njooni pembeni.

Na wale mtakaouliza bei, maana nawajua, najibu kabisa kabla hamjauliza. Mashine, dawa, wageni wa Nanyamba, mafuta ya pikipiki, khanga, na mgahawa kipupwe kizima. Kuku sita, ambao siyo wangu, wamenitoka shilingi laki nne, elfu themanini na saba, na mia tano.